Tepu Nyeusi Nyuma ya Dashibodi

Taa nne ziliwaka kwa mpigo asubuhi moja ya mvua, nilipokuwa nikitoka Ndalu kurudi Kitale. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, yenye umbo la betri. Ya pili ya manjano, yenye umbo la injini. Ya tatu ilikuwa ya breki, herufi tatu ndani ya duara. Ya nne ilikuwa picha ya usukani, na hiyo sikuhitaji kuambiwa maana yake, kwa sababu usukani wenyewe uligeuka mzito papo hapo, kama plau iliyonasa kwenye kisiki. Kona iliyofuata niliikata kwa mikono miwili na kifua.

Ndani ya buti kulikuwa na mtungi wa naitrojeni, baridi kuliko barafu, na ndani ya mtungi mbegu za madume. Hiyo ndiyo kazi yangu: napandisha ng'ombe kwa mrija. Wakulima huniita daktari ingawa mimi si daktari. Ng'ombe akiingia kwenye joto una saa chache tu za kumfikia. Ukichelewa, unarudi baada ya wiki tatu, na mwenye ng'ombe hajasahau.

Nilianza kazi hii kwa miguu, nikaendelea kwa pikipiki miaka sita. Mwanzoni wanaume walikuwa wanakusanyika kwenye uzio kunitazama nikivaa glovu ndefu ya kufika begani, wakicheka. Ndama walipoanza kuzaliwa kicheko kikaisha. Kisha nikaanguka na pikipiki kwenye matope, mfupa wa bega ukavunjika, na nilipopona nikanunua gari. Dogo, la mitumba, la otomatiki, rangi ya fedha. Kwa hiyo mtu aliyeniambia niliuze alikuwa ananiambia nirudi kwenye pikipiki, au nikae nyumbani. Na walioniambia hivyo walikuwa wengi.

Siku hiyo nilifika Kitale salama, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa umeme wa magari aliyesifiwa na kila mtu. Mtu msafi, ovaroli ya buluu, kalamu sikioni. Nikamweleza. Alisikiliza kidogo, kisha akaangalia nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine aliyekuwa bado anashuka.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee yupi?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ndiye huyu unaongea naye."

Akatabasamu, akafungua boneti. Alisema ni alterneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Alitoa yangu, akaweka nyingine ya mitumba. Mvua ikakata kwa siku tano, na siku hizo tano hakuna taa iliyowaka. Nikamsifu fundi kwa majirani. Mvua iliporudi, taa nne zikarudi nayo.

Mimi nina daftari ambalo naandika kila ng'ombe: lini alionekana kwenye joto, dalili gani, alihudumiwa saa ngapi. Ng'ombe hasemi, kwa hiyo unaandika. Nikafungua ukurasa wa nyuma nikaanza kuandika gari. Jumanne, hakuna mvua, hakuna taa. Jumatano, mvua, wiper na taa kubwa za mbele zimewashwa, zote nne. Alhamisi, jua, lakini niligonga shimo karibu na Kiminini, ya betri ikawaka kidogo ikazima. Asubuhi injini inaanza kwa uchovu. Baada ya siku kumi niliona jambo ambalo hata mtoto angeliona: kadiri ninavyowasha vitu vingi vya umeme, ndivyo gari linavyolalamika.

Nikampelekea fundi daftari. Hakulishika.

"Mama, gari za siku hizi ni kompyuta. Hiyo ni kontrolboksi imekufa. Ubongo wa gari. Wewe mwambie mzee akuje tuongee, hii mambo ni ndefu."

Mume wangu ni mwalimu wa historia. Hajawahi kushika usukani maishani mwake, na hata akiwa abiria hushikilia mpini wa mlango kana kwamba ndio unaoliweka gari barabarani. Lakini alikwenda, kwa kuwa ni mtu wa amani. Akarudi jioni na uso wa mtu aliyetoka kupewa habari za msiba.

"Wamesema ni ubongo," akaniambia.

"Wamepima?"

"Sikuuliza. Alinipa kiti, akanipa soda."

"Mwalimu, mimi nimeenda pale mara tatu. Sijapewa hata kopo la kukalia."

Alicheka. Alikuwa ameshapiga simu Bungoma, kwa kaka yake mkubwa, na kaka yake alikuwa na mawazo. Shemeji yangu huyo ana mawazo kuhusu kila kitu. Alinipigia simu jioni ileile, sauti yake ikijaza sebule nzima. Huniita mulamwa, yaani shemeji kwa lugha yetu, na kwake gari ni gali.

"Mulamwa, hiyo gali uza. Nina mtu hapa anatafuta gali ndogo kama hiyo. Uza mapema kabla haijakufa kabisa."

"Shemeji, haijakufa. Ni mgonjwa."

"Gali si ng'ombe, mulamwa."

Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Siku iliyofuata nilirudi kwa fundi kumwambia asiguse kontrolboksi yoyote, anitafutie tu kinachofanya taa ziwake. Akasema niache gari nirudi saa nane. Niliporudi, dashibodi ilikuwa safi. Taa kubwa zimewashwa, wiper zinacheza, na hakuna hata nukta nyekundu wala ya manjano.

"Ilikuwa nini?" nikauliza.

"Kitu kidogo tu. Waya zilikuwa zimeshikana."

Niliendesha wiki mbili nikiimba.

Wiki ya tatu nilikuwa naelekea Bungoma kujaza naitrojeni. Nilipita Kamukuywa, nikapita Kimilili, mvua nyepesi, saa sita mchana. Mbele kidogo ya Chwele nikapunguza mwendo kwa ajili ya tuta la barabarani, na gari likazima. Hakuna taa iliyonionya. Usukani ukawa jiwe, breki ikawa ngumu, na nyuma yangu lori la miwa likaanza kupiga honi ndefu isiyoisha. Niliikanyaga breki kwa mguu wote, gari likasimama nusu barabarani, nusu kwenye ukingo. Lori lilipita karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kilikunjika chenyewe.

Wanawake waliokuwa wakiuza vitunguu kando ya barabara waliacha vitunguu vyao wakaja kusukuma. Walilifikisha pembeni. Nikakaa kwenye kiti changu, mlango wazi, nikajaribu ufunguo. Tik. Mara ya pili, tik.

Ni hapo nilipoona. Gari lolote, ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa za onyo zote huwaka kwa pamoja, kisha injini ikishika zinazima. Nilikuwa nimeziona hivyo kila asubuhi tangu nilinunue. Sasa niligeuza ufunguo taratibu nikaangalia vizuri. Taa ya mafuta iliwaka. Taa ya mkanda iliwaka. Mahali pa betri palikuwa peusi. Mahali pa injini, peusi. Zile nne zote, giza.

Nikageuza tena. Nikageuza mara tano, kama mtu anayetafuta jino lililong'oka kwa ulimi.

Mpita njia mmoja mwenye pikapu alisimama akatoa nyaya za jampa, za kuazimia umeme wa betri ya gari jingine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akabana nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, betri kwa betri, akaniambia niwashe. Tik. Akasonya, akatoa kile kibano cheusi kwenye betri yangu akakibana kwenye chuma cha injini, pale mafundi wanapofunga mnyororo wa kuinulia injini. "Washa." Injini ikashika kabla sijamaliza kugeuza ufunguo.

"Kwa nini imekubali hapo ikakataa pale?" nikamuuliza.

"Sijui. Gari zingine ni hivyo," akasema, akakunja nyaya zake akaenda.

Nikaandika kwenye daftari, injini ikinguruma: *Chwele. Kwenye betri imekataa. Kwenye chuma cha injini imekubali.* Kisha nikaendesha hadi karibu na Kibabii bila kuzima, kwa rafiki yangu.

Rafiki huyu nilikaa naye dawati moja miaka minne. Sasa ni mtunza maabara ya fizikia katika shule ya upili, ndiye anayepanga balbu na nyaya kabla wanafunzi hawajaingia na kuzihesabu wakitoka. Alinikuta uani kwake nimesimama kando ya gari linalonguruma, viatu vimejaa tope.

"Sasa wewe, mbona huzimi?"

"Nikizima haliwaki."

"Ati nini? Zima bana, kwani unaenda wapi? Leo unalala hapa."

Nikalizima. Nikamweleza yote, kuanzia Ndalu. Nilipofika kwenye taa zilizokuwa zimepotea, alinyanyua mkono.

"Ngoja. Hizo balbu nne zimeungua siku moja? Zote nne, na ni zile nne tu?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekaa na balbu miaka ishirini na tano," akasema. "Leta bisibisi."

Hakuna aliyetufundisha kufungua dashibodi. Tulitafuta skrubu kwa vidole, mbili juu, mbili pembeni, moja imejificha chini ya kifuniko. Tulivunja kipini kimoja cha plastiki na hadi leo kona hiyo hutoa mlio barabara ikiwa mbaya. Tulipochomoa kile kibao cha mita na kukifungua kwa nyuma, tuliona tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima. Vipande vinne vidogo, vimekatwa vizuri kwa mkasi, kila kimoja kimebandikwa juu ya taa yake.

Nililiona lile lori la miwa tena. Nikamwona yule fundi na kalamu yake sikioni, akikata tepu kwa utaratibu, bila haraka, akihakikisha kingo zimenyooka. Rafiki yangu alibandua vipande vile kwa kucha, kimoja kimoja, akavipanga kwenye ukurasa wa daftari langu, mstari mmoja.

"Hivi ni vyako," akasema. "Utavihitaji."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Badala yake nikauliza, "Una mita ya umeme?"

Alikuwa nayo, ya manjano, imefungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri yake kilipotea. "Lakini magari sijui," akaniambia. "Umeme najua. Kwa hivyo tusikisie. Kila kitu tukitaja, tukipime."

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilichomeka waya mwekundu wa mita kwenye tundu lisilo lake, nikagusa betri, cheche ikaruka na mita ikafa mkononi mwangu. Niliruka nyuma nikagonga kichwa kwenye boneti. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Wanafunzi wa kidato cha pili hufanya hivyohivyo," akasema, akaenda ndani akarudi na mkebe wa chaki uliojaa fyuzi ndogo za kioo. Akabadilisha, akanirudishia mita. Hakuchukua kazi mikononi mwangu. Hilo nalikumbuka sana.

Alasiri hiyo tulipima betri: volti kumi na mbili nukta moja, imechoka lakini haijafa. Tukaichaji kwa chaja ya jirani. Tukasugua vichwa vyake kwa msasa. Tukaangalia fyuzi moja baada ya nyingine. Kiza kilipokaribia tulikuwa tunajua mambo mengi ambayo hayakuwa kosa, na tukaenda kupika.

Kesho yake, Jumapili, tulitoka kanisani tukavua magauni mazuri tukarudi uani. Tulikuwa tumeinama chini ya boneti, rafiki yangu akisoma daftari langu kwa sauti, geti likafunguliwa. Shemeji yangu akaingia, suti ya kanisa, na nyuma yake mwanamume mnene mwenye kofia, mfanyabiashara kutoka Malakisi. Mume wangu alikuwa amempigia kaka yake kumwambia gari limezima Chwele, na shemeji akaona Mungu amefungua njia.

"Mulamwa, pole sana. Huyu ndiye yule mtu. Amekuja na pikapu yake, anaweza kuivuta leo hii."

Mwenye kofia alizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akatazama ndani, akaona dashibodi imefunguliwa na nyaya zinaning'inia. Akatikisa kichwa. Akataja bei ya kulinunua. Ilikuwa bei ya mlango na viti.

"Siuzi," nikasema.

"Mulamwa, gali hii itakuua njiani."

"Karibu iniue, ni kweli. Kwa sababu mtu alizificha taa zake." Nikamwonyesha vipande vya tepu. Alivitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na wazo.

"Lakini wewe si fundi," akasema hatimaye, polepole.

"Na wa Kitale alikuwa nani?"

Rafiki yangu hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja wa daftari. "Hapa Chwele," akasema. "Kwenye betri imekataa, kwenye chuma cha injini imekubali. Hii ni nini?"

Nikamweleza habari za jampa. Akaniangalia kama mtu aliyemficha jambo.

"Na umekaa nayo tangu jana! Sikiliza. Umeme unatoka huku kwa nyekundu, sawa? Lazima urudi. Unarudi kupitia chuma cha gari, halafu kupitia hii nyeusi, mpaka betri. Yule mtu alipobana kwenye injini, aliruka hii nyeusi. Kwa hivyo shida iko wapi?"

Sote wanne tukautazama ule waya mweusi, ule ambao mafundi huuita waya wa erthi. Kwa nje ulikuwa mzima, mnene, mweusi, haujakatika popote. Hakuna mtu ambaye angeushuku.

"Tupime," nikasema. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri, kile hasi, na nyingine kwenye chuma cha injini. Kama waya ule ni mzima, rafiki yangu alieleza, mita itasoma karibu na sufuri, kwa maana ni kama unapima kitu na kitu hichohicho. "Shemeji," nikasema, "kaa kwenye gari utuwashie taa kubwa."

Alisita, suti yake ya kanisa ikimfikirisha. Lakini mgeni wake alikuwa anaangalia, kwa hiyo akaingia, akawasha. Mita ikapanda: volti moja nukta nane.

"Huo ni umeme unaopotea njiani," rafiki yangu akasema. "Unataka kurudi nyumbani na mlango umefungwa."

Nikamgeukia mwenye kofia. "Una jampa kwenye pikapu?"

Alikuwa nazo. Nikamwomba moja. Nikaibana ile nyeusi, upande mmoja kwenye betri, upande mwingine kwenye chuma cha injini, sambamba na waya wa zamani. Nikamwambia shemeji awashe injini. Ikashika mara moja. Nikamwambia awashe kila kitu: taa kubwa, wiper, feni, redio, joto la kioo cha nyuma. Kile kibao cha dashibodi tulikuwa tumekichomeka bila kukifunika, na taa zake zote zilikuwa wazi, hakuna tepu. Ya betri ikazima. Ya usukani ikazima; ya injini na ya breki zilibaki. Akageuza usukani kwa kidole kimoja, kulia, kushoto, kulia, uso wake umekunjamana kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Nikatoa jampa, zile mbili zikarudi. Nikabana, zikazima. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu haikuwa ya lazima. Nilitaka tu waone.

Mwenye kofia alivua kofia yake. "Mama," akasema, "nitaongeza bei."

"Siuzi."

"Hata hujasikia ni ngapi."

"Sihitaji kusikia. Asante kwa jampa."

Jumatatu asubuhi nilinunua waya mnene mjini Bungoma, nikawaambia wauzaji wanibanie vichwa vya shaba nikiwa nimesimama hapohapo. Ule wa zamani tuliupasua kwa kisu. Ndani, chini ya ngozi yake nzuri nyeusi, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Pale ulipofungwa kwenye mwili wa gari tulikuta rangi imepakwa juu ya kutu, labda na mtu aliyelinyoosha kabla sijalinunua. Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza boliti mwenyewe. Bega langu la zamani liliniuma wiki nzima.

Kisha nikaenda Kitale. Sikupita nyumbani kwanza.

Fundi alikuwa na wateja watatu, wanaume, wamekaa kwenye viti. Nilivitoa vipande vya tepu kutoka kwenye daftari nikavibandika kwenye meza yake, mbele ya soda zao, na kando yake nikaweka ule waya uliopasuliwa.

"Hii ni yako," nikasema, "na hii ndiyo ilikuwa shida. Naomba alterneta yangu. Ilikuwa nzima."

Akawatazama wateja, akanitazama. Nilitegemea atakataa. Hakukataa.

"Mama, kila siku watu wanakuja hapa wanasema, fundi, zima hiyo taa. Hawasemi tafuta ugonjwa. Wanasema zima taa. Nikiwaambia tutafute siku mbili, wanaenda kwa mwingine. Taa ikizima wanashukuru."

Nilijua anasema kweli, na hilo lilinikasirisha zaidi. Hata mimi nilishukuru. Niliimba wiki mbili.

"Mimi nilikuletea daftari," nikamwambia. "Nilikuletea siku kumi zimeandikwa. Hukulifungua. Na ulijua naendesha na taa ya breki imefungwa macho."

Mmoja wa wale wateja alisimama polepole, akaenda kwenye gari lake lililokuwa likisubiri, akageuza ufunguo, akainama kuangalia dashibodi yake. Mwingine akamfuata. Fundi aliinama chini ya meza ya kazi akatoa alterneta yangu, imefunikwa na gunia, akaniwekea kwenye buti. Nilimpa ile ya kwake baada ya kuirudisha yangu, kazi niliyoifanya na mume wangu akinishikia spana na kusoma kitabu cha maelekezo kwa sauti ya darasani.

Si kila kitu kilipona. Taa ya injini ilizima yenyewe baada ya siku chache, lakini ile ya breki ilikaa, na ilinisumbua miezi mitatu. Nilipima kila gurudumu. Nilikata tamaa mara mbili. Mwishowe nililala chali chini ya gari siku ya jua kali nikakuta, nyuma ya gurudumu la kulia, waya mwembamba umetafunwa na panya, labda wiki zile taa yake ilipokuwa chini ya tepu. Nilikuwa nimebeba mifuko ya chakula cha ng'ombe kwenye buti mwaka mzima na kuliegesha gari kando ya ghala. Niliunga waya, nikazungushia tepu, nikaendesha hadi barabarani na kurudi. Ilizima. Nilibaki nimekaa ndani ya gari muda mrefu, injini imezimwa, nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na hakuna mtu aliyekuwepo wa kumwambia. Nikampigia rafiki yangu. "Panya!" akapiga kelele, na nikasikia darasa zima la fizikia likicheka nyuma yake.

Shemeji hajawahi kusema nilikuwa sahihi. Lakini gari lake liliposumbua, alikuja hadi Kitale, akajifanya amekuja kumsalimu mdogo wake, akanywa chai vikombe viwili, kisha akauliza kama ile mita ninatembea nayo. Ninatembea nayo. Nilinunua yangu, iko kwenye kisanduku kilekile cha glovu na mirija.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Ndalu alinisimamisha nikitoka kwa ng'ombe. Gari lake dogo lilikuwa limeegeshwa chini ya mkaratusi, taa ya betri inawaka. Ameambiwa na watu wawili tofauti kwamba aliuze. Alinikabidhi funguo akarudi nyuma hatua tatu, mikono nyuma, jinsi mtu anavyosimama akisubiri daktari.

Nilimrudishia funguo. Nikafungua boneti, nikamwekea mita mkononi, waya mwekundu kwenye tundu lake, mweusi kwenye lake.

"Mimi naogopa umeme," akasema.

"Huu hauumi. Shika."

"Si ufanye wewe tu, mimi niangalie?"

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Gari ni lako. Weka hiyo nyeusi hapo, na hiyo nyekundu pale. Sasa nisomee inasema nini."